Aliyelia Mara Moja

Hungaria, Jumapili, mwezi wa pili

Mke wangu Zaina,

Barua hii ikukute umekaa, mikono haina jembe wala mchi, na kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa kuhama kiwe kimekwisha. Mama mpe shikamoo yangu, na uhakikishe ameiitikia kabla hujaendelea na kazi nyingine. Mimi mwili hauna ubaya. Koo tu linaniwasha kwa ajili ya makaa wanayochoma huku kupasha nyumba joto, na mikono imepasuka kama ya mtu wa kukata mkonge. Nauliza habari za nyumba mpya, kama mmekwisha kuezeka, na za yule mbuzi mweupe, kama aliuvumilia mwendo wa kutoka mji wetu wa zamani mpaka hapo barabarani Kabuku.

Barua yako ilifika Jumanne. Mlinzi wa bweni letu, mzee mmoja mwenye masharubu, aliniita kwa mkono, maana jina langu limemshinda huu mwaka wa pili, akanipa bahasha. Mwanzo nilidhani imekosea njia. Mwandiko wa mdogo wangu Hatibu naujua, ndiye aliyekuandikia barua zote tangu niondoke, na huu haukuwa wake. Herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake, na mistari yote inateremka upande wa kulia. Nikageuza bahasha nikaliona jina lako. Wewe Zaina, uliyekuwa ukiniambia kwamba mwanamume wa vitabu hawezi hata kumfunga mbuzi kamba ikakaza, leo umeniandikia kurasa nne kwa mkono wako mwenyewe. Nilisimama pale ngazini nikacheka peke yangu mpaka yule mzee akanitazama. Mwalimu wenu wa kisomo cha watu wazima mpeni kuku, tena jogoo.

Nilipoanza kusoma kicheko kikakatika. Naelewa sasa kwa nini ulingoja mpaka ujue kuandika, kwa kuwa yale hayakuweza kupita mkononi mwa shemeji yako. Umeniambia kwamba mimba haikuharibika kama nilivyopewa habari. Ulijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, mchana, ndani ya nyumba ya mama, na mtoto alikuwa wa kike, na alilia. Mara moja tu, umesema, sauti ndogo, halafu basi. Mama ndiye aliyekuwa mkunga, kama alivyo kwa nusu ya watu wa upande ule, na mama akasema hakulia. Shangazi aliyekuwa nje akichemsha maji naye akasema hakusikia kitu. Basi akahesabiwa kuwa hakulia. Hakuswaliwa, hakupewa jina, hakukuwa na matanga. Wanawake wakamfunga katika kipande cha kanga wakamzika wenyewe nyuma ya jiko, bila jiwe wala kijiti, kama ilivyo ada yetu kwa mtoto asiyelia, nawe baada ya siku chache ukaambiwa uamke ukatwange.

Mwaka na miezi hukusema. Ungeendelea kunyamaza, umeandika, kama si siku ile ya kuandikisha kaya katika kijiji kipya. Karani alikuwa akimwuliza kila mwanamke ana watoto wangapi, walio hai na waliokufa. Ilipofika zamu yako mama akakujibia, akasema, "Huyu bado hajazaa." Karani akapiga mstari, nanyi mkasogea. Na sasa mji wa zamani, nyumba zote tatu zimekwisha kubomolewa na jiko pia, utaingia katika shamba la pamba la kijiji, na trekta litapita kabla ya masika. Hukuniomba nilizuie trekta, unajua siwezi. Uliniuliza swali moja tu chini ya ukurasa wa nne, nami nimelisoma mpaka karatasi imelegea: "Wewe wanasema unasomea vitu visivyoonekana. Basi niambie, mimi nimezaa au sijazaa?"

Kabla sijakujibu, nikiri jambo. Ile barua ya Hatibu niliipata nikiwa na mwezi mmoja tu huku. Juu yako ilikuwa na mstari mmoja, kwamba mimba ya mkeo imeharibika, mwenyewe ni mzima, tumshukuru Mungu. Niliusoma, nikasikitika kidogo, nikaenda kwenye mstari uliofuata ambao ulihusu mahindi. Tena nikuambie kweli yote, nilipumua. Nilikuwa na hofu ya kuwa baba wa mtoto nitakayemwona kwa mara ya kwanza akiwa anachunga mbuzi. Nikasema moyoni, si kitu, tutaanza upya nikirudi. Sikukuuliza ulivyougua, wala ni nani aliyekuwa nawe, wala kama ulilia. Tangu siku hiyo nimekuandikia barua sita na zote zimejaa theluji na tramu na supu. Naona aibu, Zaina, na aibu hii hakuna mtu huku ninayeweza kumweleza.

Maana huku niko peke yangu kwa namna ambayo sikukuandikia, nikiogopa utasikitika. Mtanzania mwenzangu mmoja anasomea udaktari katika mji mwingine, tumeonana mara moja. Chumbani naishi na Mvietinamu, mtu mpole, lakini lugha ya hapa sote wawili tumeiokota juzijuzi, kwa hiyo tunaongea habari za mkate na sabuni. Kwenye tramu kiti cha pembeni yangu hubaki kitupu hata watu wakiwa wamesimama. Si kwamba wananichukia, nadhani kila mmoja anamngojea mwenzake aanze. Nikifua nguo nahesabu kwa Kizigua kwa sauti, masikio yasije yakasahau. Ninatamani ugali wa bada na mboga ya mchunga mpaka ninaota harufu yake. Ziko siku zinapita nzima pasipo mtu kutaja jina langu, na jua likizama najiuliza kama siku hiyo kweli nilikuwepo.

Sasa hayo ya vitu visivyoonekana. Mwalimu wetu wa fizikia ni mama mmoja mfupi mwenye mvi, koti lake limeungua kwenye kiwiko kwa dawa za maabara. Kesho yake baada ya barua yako kufika alituwekea mezani chupa ya kioo kubwa kama mtungi wa maji, na ndani yake kengele ndogo ya umeme. Akaiwasha, ikalia, sote tukaisikia. Kisha akaanza kuinyonya hewa iliyokuwa ndani kwa pampu. Mlio ukafifia, ukafifia, ukakoma. Lakini nyundo ya kengele tuliiona bado inapiga vilevile, hodi hodi hodi, na hakuna sauti. Akachukua kitambaa cheusi akaifunika ile chupa, akatuuliza humo ndani sasa kuna nini.

Wenzangu wakacheka, wakamwambia aondoe kitambaa. Akasema, na kama hakiondoki? Akatueleza kwamba juu huko, katikati ya nyota na nyota, kuna mahali papana tunapopaita patupu kwa sababu vyombo vyetu vyote vikielekezwa pale havileti kitu. Akauliza kama inawezekana pale patupu pakawa na kitu ambacho hakitoi mwanga, hakizuii mwanga, hakigusi chochote. Kijana mmoja wa mbele, ambaye kila swali ni lake, akasimama akasema kwamba kisichopimika kisihesabiwe. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilimwona yule karani wenu anapiga mstari wake, Zaina, nikashika ukingo wa meza.

Mwalimu hakumkubalia. Alisema iko sayari moja ya mbali ambayo watu waliijua kabla ya kuiona, kwa kuwa jirani yake alikuwa akiyumba njiani kama mtu anayevutwa shuka. Kwa hiyo kitu chaweza kufichika na bado kikajulikana, kwa vile kinavyowasumbua wengine. Na kile kisichomsumbua yeyote kabisa? Hapo, akasema, elimu yetu inafika mwisho wa kamba yake. Haiwezi kusema kipo, wala haina haki ya kusema hakipo. Akatuonya kwamba mwanafunzi atakayeandika "hakuna" mahali pa kuandika "hatujui" atashindwa mtihani wake, hata kama hesabu nyingine zote amepata.

Nilitoka pale nimechangamka, nikakaa nikakuandikia jibu. Nilieleza kengele, nikaeleza sayari na jirani yake, nikaonyesha kwamba wewe ndiye unayeyumba njiani kwa hiyo lazima yuko anayekuvuta. Kurasa sita, na michoro miwili. Nilijiona hodari sana. Asubuhi nilipoisoma tena nikaona kwamba nimemfanya binti yetu kuwa hesabu ya ubaoni. Wewe umeniuliza kama mke anavyomwuliza mume, nami nakujibu kama ninatafuta maksi. Nikaichana.

Alhamisi nikamngojea mwalimu mlangoni. Lugha yao ninapokuwa na wasiwasi hunikimbia, lakini nilijikongoja. Nilimwuliza ingekuwaje kama kengele ile ililia mara moja tu, na aliyeisikia ni mtu mmoja, na wengine waliokuwa karibu wanasema hawakusikia, na haiwezekani tena kuiwasha. Hakuniuliza ni kengele gani. Alifunga vifungo vya koti lake mpaka cha shingoni, polepole.

"Kipimo kisichoweza kurudiwa hakigeuki uongo," akaniambia. "Kinabaki peke yake, basi. Hapo inakubidi umjue aliyepima."

Akaniaga akaenda zake kituoni. Mimi nilirudi bwenini kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikisema, lakini aliyepima namjua. Ni wewe uliyesema mbuzi anazaa nje, mvua ile kubwa, na sisi sote tukakuambia lala, ni maji tu yanapiga bati la jirani, tukatoka tukamkuta na kitoto kimelala kwenye tope. Ni wewe unayejua mgeni ni nani kabla hajafika uani, kwa hatua zake. Na katika miaka yote niliyokaa nawe sijakusikia ukiongeza neno kwenye habari. Ukiona fisi mmoja unasema mmoja, watu wengine wakiona mmoja wanasema watatu.

Basi jibu langu ni hili. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusema nilisikia. Wewe ulikuwepo, na masikio yako nayajua. Alilia. Umezaa, Zaina. Umezaa binti, na mimi ni baba yake, na ninaomba unisamehe kwamba nimechelewa hivi.

Kuna jambo jingine nililoligundua nikihesabu siku. Umesema ilikuwa Ijumaa ya pili baada ya mimi kuondoka. Ijumaa hiyo nilikuwa bado Dar es Salaam. Wanafunzi wote wa safari tulikaa pale zaidi ya wiki mbili tukingojea ndege, hatuna kazi ila kupiga mluzi. Simu ya maandishi ikitoka posta ya Korogwe ingenifikia kesho yake. Na mama ananijua. Mtoto aliyelia ana jina, ana sala, ana matanga, na baba yake huitwa. Ningeitwa ningepanda basi siku hiyohiyo, na ndege ingeniacha, na nafasi yangu angepewa mtu mwingine. Mama alikata kuni na kuuza vyungu miaka mingi baada ya baba kufa ili mimi nifike hapa. Sisemi alisikia. Mimi sijui, na nimeonywa nisiandike nisichokijua. Lakini kama alisikia akanyamaza, alinyamaza kwa ajili yangu, na mzigo wa ukimya wake ukaubeba wewe, ukaenda nao kisimani na shambani na mpaka kijiji kipya, ili mimi nikae huku nikitazama chupa.

Ijumaa hii mchana nilimswalia. Msikiti hapa hakuna. Nilitandika taulo safi, nikatazama ramani nikakisia kibla, upande wa dirisha linaloelekea kiwandani. Sijui kama inafaa mtu kuswalia maiti akiwa peke yake, mbali namna hii, baada ya mwaka na zaidi. Angekuwepo mwalimu wangu wa Kurani wa pale Korogwe ningemwuliza. Niliona nikikosea, Mungu anajua nilichokusudia. Nikasimama, nikapiga takbiri zote nne. Katikati Mvietinamu wangu akaingia na mkate, akaniona, akavua kofia akabaki mlangoni hajasogea mpaka nilipotoa salamu. Akaukata mkate katikati akanipa kipande kikubwa. Nililia wakati wa kula, si wakati wa kuswali, na yeye akawa anatazama dirishani ili nisione haya.

Sasa nisikilize vizuri. Karatasi ya mwisho katika bahasha hii nimeikunja peke yake. Ni ya mama. Msomee wewe, si Hatibu, na umsomee mkiwa wawili, kwanza umpashie maji ya miguu kama apendavyo. Nimemwambia kwamba simlaumu, na kwamba shukrani yangu kwake haijapungua hata kidogo. Nimemkumbusha kwamba kwetu binti wa kwanza wa mtoto wa kiume huchukua jina la bibi yake mzaa baba. Kwa hiyo mtoto wetu anaitwa Mwanahamisi kama yeye mwenyewe, nami baba nimekwisha kulitoa jina hilo. Na nimemwomba jambo moja tu, kwamba aende nawe kwa karani, kwa miguu yake, amwambie arekebishe ule mstari. Walio hai, hakuna. Waliokufa, mmoja.

Anaweza kukataa. Anaweza kusema vitabu vimeniharibu akili, au asiseme neno akainuka akaenda kuchambua mboga, unamjua. Kama unaona karatasi hiyo itakuletea taabu ndani ya nyumba ambayo mimi simo kukusaidia, itie motoni, sitakuuliza hata siku moja. Wewe ndiye unayeishi naye. Lakini jina halitachomeka, limekwisha tolewa. Na akija mtu mwingine na daftari jingine, wewe sasa unajua kusoma, simama nyuma ya bega lake utazame anachoandika.

Barua huchukua mwezi kufika, huenda trekta limekwisha kupita. Kama bado, nenda pale siku moja peke yako. Usiweke jiwe, watalitupa. Simama kwenye mkwaju wa njia panda, uhesabu hatua mpaka lilipokuwa jiko, na kutoka jiko mpaka pale alipo, uniandikie ni hatua ngapi na zimeelekea wapi. Nataka niwe nazo hapa. Pamba ikiota juu yake si vibaya sana, nimelifikiria hilo, itachumwa na watu watapita pale wakiongea.

Nisalimie mdogo wangu Hatibu, mwambie simkasirikii, aliandika alichoambiwa, na sasa kazi ya ukarani wa nyumbani ameipoteza kwa haki. Shangazi aliyechemsha maji mpe salamu, na usimwulize kitu. Mama mkwe wangu huko Mnyuzi nampa shikamoo, na mwambie amepata mjukuu, amweke katika dua zake. Mjumbe wetu wa nyumba kumi nasikia anaumwa mguu, nampa pole. Wanawake wenzako wa kisomo wote nawasalimu, waambie mume wako anawaogopa.

Na ukienda kuokota kuni upande wa mji wa zamani, simama kidogo, umpe salamu zangu binti yetu Mwanahamisi. Mwambie baba yake alikuwa hajapata habari.

Mumeo akupendaye,

Rajabu, baba Mwanahamisi